Mpelekeni Akaandikishwe

Wito huu haumfikii anayehusika nao zaidi, maana hawezi kuusoma. Matangazo ya elimu ya watu wazima hubandikwa kwenye mbao za ofisi za kata, yakapigwa muhuri mzuri wa bluu, na yule mama anayetafutwa na tangazo hupita mbele yake kila asubuhi akienda gengeni. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe unasoma, na wewe unamjua. Ni shangazi yako. Ni fundi anayekujengea ukuta. Ni dada wa kazi nyumbani kwako, au mlinzi wa getini ambaye kila akiletewa daftari la wageni husema leo macho yanamsumbua, andika tu mwenyewe bosi.

Nakuomba jambo moja: mwaka huu mchukue mtu mmoja, umsindikize, akaandikishwe. Mengine yote nitakayosema hapa ni ya kukusaidia usije ukakwama njiani.

Najua swali la kwanza litakalokutoka: je, anaruhusiwa? Ana miaka hamsini na mbili, hana cheti cha kuzaliwa, na hajawahi kukaa darasani hata siku moja. Anaruhusiwa. Ibara ya 11 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inampa kila mtu haki ya kujielimisha, na inamwachia kila raia uhuru wa kutafuta elimu katika fani anayoipenda hadi pale stahili na uwezo wake vitakapomfikisha. Umri haukutajwa. Jinsia haikutajwa, wala ndoa. Kwa madarasa ya kisomo, yale ambayo wazee wetu bado wanayaita ngumbaru, sharti la kuingia ni dogo kiasi cha kuchekesha: uwe mtu mzima, na uwe hujui kusoma, kuandika na kuhesabu, au unajua kwa kubahatisha. Haulizwi cheti cha darasa la saba. Angekuwa nacho asingekuja.

Hata hivyo mlango si mmoja, na hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtu husikia "elimu ya watu wazima", akadhani ni darasa moja la wazee chini ya mwembe, na kijana wake wa miaka ishirini na mbili aliyeishia kidato cha pili akaona hayamhusu. Yanamhusu sana, ila mlango wake ni mwingine.

Tuanze na aliye mdogo zaidi. Mtoto wa miaka kumi na moja mpaka kumi na minane ambaye hakuandikishwa shule, au aliandikishwa akaacha kwa kuchunga ng'ombe, kwa kuvua, kwa kulea wadogo zake, huyo ni wa MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Waliokosa. Anasoma kwa takribani miaka mitatu kile ambacho wenzake husoma kwa miaka saba. Walio wadogo hufanya mtihani na kurudishwa kwenye madarasa ya kawaida. Walio wakubwa hufika mpaka mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Wanafunzi hawa hukaa katika shule za msingi zilezile za mtaani, kwa hiyo wa kumuuliza ni mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu nawe. Kama una mtoto wa namna hiyo nyumbani, uliyemleta kutoka kijijini "akusaidie kazi", naomba usisome haraka ukapita. Huyo wa kwako ndiye wa kwanza.

Kuanzia miaka kumi na tisa kwenda juu, mpango ni MUKEJA, Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii. Jina ni refu lakini wazo lake ni la busara. Wanakisomo hawaletewi kitabu kutoka juu na kuambiwa someni. Wanakaa na mwezeshaji, wanataja wanachohangaika nacho, kisomo kinajengwa hapohapo. Kikundi cha wafuga kuku kitajifunza kuandika tarehe za chanjo. Kikundi cha bustani kitajifunza kusoma vipimo kwenye chupa ya dawa ya wadudu, jambo ambalo si la mzaha hata kidogo. Ukomo wa juu wa umri hakuna. Mwenye miaka themanini akiweza kufika, kiti chake kipo.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ukiingia katika darasa la namna hii mara ya kwanza utashangaa. Jioni, watoto wameshaondoka, akina mama wamekaa kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamebana juu. Mmoja anaandika jina lake. Penseli ameikamata kama anavyokamata mpini wa jembe, kwa nguvu zote za kiganja, na karatasi inatoboka kwenye mguu wa herufi M. Anaanza upya. Herufi zinapanda mlima kuelekea kona ya daftari. Wakati huohuo mwezeshaji anaandika hesabu ubaoni: visado vitatu vya dagaa kwa shilingi elfu nne na mia tano kila kimoja, ni shilingi ngapi? Kabla hajageuka, mama huyohuyo ameshajibu elfu kumi na tatu na mia tano, tena anauliza kama dagaa wenyewe ni wa Kigoma au wa Mwanza, maana bei haiwezi kuwa moja. Hajui kuandika 13,500. Lakini kuhesabu? Amehesabu maisha yake yote, kwa kichwa, huku mteja akijaribu kumpunja. Mwezeshaji mzuri hulijua hilo na huanzia hapo. Mbaya humfundisha kama mtoto, na wiki ya tatu hamwoni tena.

Utasikia watu wakisema siku hizi haina haja, simu inatosha. Simu ndiyo imeongeza haja. Zamani asiyejua kusoma aliaibika siku ya barua na siku ya kuweka dole gumba kwenye hati. Leo anaaibika kila siku. Mwanawe akimtumia pesa kwa simu, anaikabidhi simu kwa wakala pamoja na namba ya siri, anamwambia nitolee zote. Amempa ufunguo wa nyumba mtu asiyejua hata jina lake la pili. Ukija ule ujumbe wa matapeli tunaoujua sote, ule wa "ile hela tuma kwenye namba hii", wewe unacheka na kuufuta. Yeye anamtafuta mtu wa kumsomea, na anayemsomea akikosea, au akiwa na lake, basi. Kwenye zahanati anapewa bahasha ya dawa imeandikwa 2x3. Muuguzi amemwambia mara moja kwa haraka, foleni ni ndefu. Akifika nyumbani amekumbuka mbili, amekumbuka tatu, ila ipi ni vidonge na ipi ni mara ngapi kwa siku? Kwenye kikoba chake yeye ni mwekaji mzuri kuliko wote, lakini hatachaguliwa kuwa mweka hazina wala katibu, na kila Jumamosi anaamini tu kwamba kilichoandikwa kwenye kitabu chake ndicho alichotoa.

Halafu kuna uongozi. Nchini kwetu Katiba haikumtaka mbunge awe na shahada. Ibara ya 67 inamtaka, pamoja na mambo mengine, awe anajua kusoma na kuandika kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Kwa maneno mengine, umbali kati ya yule mama wa dagaa na sifa ya elimu inayotakiwa bungeni ni hilo darasa la jioni. Sisemi atagombea. Nasema asizuiwe na kitu kinachoweza kufundishwa.

Tuliwahi kulifanya jambo hili kwa ukubwa ambao vijana wa leo hawauamini. Mwaka 1964, nchi ikizindua mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alitoa hoja kwamba lazima tuanze na watu wazima, kwa sababu mchango wa watoto kwenye uchumi hautaonekana mpaka ipite miaka mitano, kumi, hata ishirini, ilhali mtu mzima akielewa jambo leo anaweza kulitenda leo. Sensa ya 1967 ikaonyesha ukubwa wa kazi: karibu watu wazima saba katika kila kumi hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wilaya sita, zikiwemo Mafia na Ukerewe, zikapewa jukumu la kufuta ujinga kabla ya nchi nzima. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, mradi ulioungwa mkono na UNESCO ulikuwa ukitengeneza vitabu vya kusomea vinavyozungumzia pamba, migomba na uvuvi, ili mtu ajifunze herufi kwa kitu alichokishika asubuhi. Walimu wa shule za msingi walifundisha watoto asubuhi na wazazi wao jioni. Waliomaliza darasa la saba walifundisha majirani.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio, Mtu ni Afya. Watu walikusanyika katika vikundi vipatavyo 75,000, jumla yao karibu milioni mbili, wakasikiliza kipindi, mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vya mbu. Asiyejua kusoma alikaa pamoja na anayejua, akaona kwa macho yake faida ya kile kijitabu. Nadhani hapo ndipo siri ilipokuwa. Aliyekwenda darasani baada ya hapo hakwenda kutii amri. Alikwenda kufuata kitu alichokiona mkononi mwa mwenzake.

Kufikia 1986 takwimu za Serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Kisha tukalegea. Uchumi ulikuwa umeshayumba tangu mwishoni mwa miaka ya sabini, fedha za kisomo zikapungua, madarasa yakafungwa moja moja bila tangazo. Na kisomo kisipotumika hufutika: wengi waliofaulu majaribio ya miaka ile walirudi vijijini ambako hapakuwa na gazeti wala kitabu cha kuendelea nacho, na miaka kumi baadaye wakawa wanatafuta tena wa kuwasomea barua. Asiyejua kusoma leo anaweza kuwa mtu aliyewahi kujua. Huyo naye anaruhusiwa kurudi, kupitia kisomo cha kujiendeleza, wala hana sababu ya kujieleza kwa mtu yeyote.

Sasa nizungumze na kundi la katikati, ambalo naliona ndilo kubwa mijini. Umemaliza darasa la saba, hukuchaguliwa, ukaingia kwenye bodaboda, saluni au mama ntilie. Unasoma vizuri tu, ndiyo maana umefika mpaka aya hii. Kwako wewe kuna elimu ya sekondari kwa njia huria na masafa, inayoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, chombo kilichoanza mwaka 1960 kama tawi la Chuo Kikuu cha Makerere na kupewa sheria yake mwaka 1975. Kidato cha kwanza na cha pili husomwa kama hatua ya kwanza, cha tatu na cha nne kama hatua ya pili, na mtu mwenye bidii humaliza zote kwa miaka miwili. Katikati yake kuna Mtihani wa Maarifa, ule unaofahamika mitaani kama QT, unaotungwa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Ukifaulu huo unaruhusiwa kuufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Baraza ni lilelile linalowatahini wanafunzi wa shule, na mtihani wa kidato cha nne ni uleule. Andaa taarifa zako za shule ya msingi kabla hujaenda kujiandikisha: shule gani, wilaya gani, mwaka gani.

Na wewe uliyefika kidato cha nne ukapata sifuri, au ukapata alama ambazo hupendi kuzitaja kwenye msiba wala harusini, wewe huhitaji QT. Wewe unarisiti. Nimeona watu wakikaa na aibu ya matokeo yale miaka kumi na mitano, kumbe kurisiti masomo mawili matatu kungewafungulia chuo cha ualimu, uuguzi au kilimo. Kwa waliokwenda mbali zaidi kidogo wakakwama kwenye sifa za kuingia chuo kikuu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kozi ya awali iliyowekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo, na kina vituo mikoani. Hakikutaki uache kazi.

Kuna watu ambao kwao shida si kusoma, shida ni karatasi. Fundi magari wa gereji ya uswahilini anayejua injini kuliko waliompita kwa vyeti. Mpishi aliyepika hotelini miaka kumi na miwili. Mwashi. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima mafundi waliojifunza kazi kazini, kuwajazia mapengo kwa mafunzo mafupi, na kuwapa cheti kinachotambulika. Ukiwa na cheti hicho unaweza kuomba tenda na kuajiriwa mahali ambapo jana mlinzi alikurudisha getini. Kwa wanaotaka kuanza ufundi kutoka mwanzo bila sifa kubwa za shule, vipo Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975 kwa kuiga vyuo vya wananchi vya Sweden. Vipo zaidi ya hamsini nchini, na vingi viko vijijini kwa makusudi.

Niseme kuhusu wasichana, na hapa nitasema polepole. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba akiwa shuleni alifukuzwa, na mlango ukafungwa nyuma yake. Tarehe 24 Novemba 2021 Serikali ilitangaza kuwa ataruhusiwa kurudi katika shule ya kawaida baada ya kujifungua. Kwa asiyetaka kurudi kwenye sare na kengele, au aliyechelewa, zipo njia mbadala za sekondari chini ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Tangazo lilitoka redioni na magazetini. Lakini nakutana na wazazi mpaka leo wanaosema "yule alishajiharibia". Mzee wangu, mama yangu, Serikali imeshamsamehe, umebaki wewe. Mtoto analelewa na bibi saa nne kwa siku, basi, na binti anamaliza kidato cha nne. Hesabu hiyo haina ugumu. Na yule kijana aliyempa mimba, kama naye aliacha shule, apelekwe pia. Hajasamehewa chochote kwa sababu hakufukuzwa, na bado hana elimu.

Wanaume kwa jumla wana kesi yao. Ingia kituo chochote cha kisomo uhesabu: wanawake ni wengi, wanaume wachache, na hao wachache wamekaa nyuma karibu na mlango. Si kwamba wanaume wote wanajua kusoma. Ni kwamba mwanamke akisema sijui hucheka na wenzake wakaanza; mwanaume akisema sijui anahisi amevuliwa nguo. Kwa hiyo usimpeleke baba yako kwenye darasa la mtaa ambako mwezeshaji ni mkwe wake. Tafuta kituo cha mtaa wa pili. Mwambie ni mafunzo ya ufugaji, maana ni kweli ni mafunzo ya ufugaji.

Jirani zetu wa Kenya wanamjua Kimani Ng'ang'a Maruge. Mwaka 2003 Kenya ilitangaza elimu ya msingi bila ada, na mwaka uliofuata mzee huyu, mpiganaji wa Mau Mau wa zamani aliyesema ana miaka 84, akafika Shule ya Msingi Kapkenduiyo, Eldoret, akitaka darasa la kwanza. Alikuja na kaptura na soksi ndefu, sare kamili. Alitaka asome Biblia mwenyewe, kwa sababu hakuwa na hakika mhubiri anaisoma kama ilivyo. Mwaka 2005 alisimama New York katika Umoja wa Mataifa akizungumzia elimu ya msingi ya bure. Alifariki mwaka 2009 kabla ya kumaliza shule ya msingi, na kwa hilo watu wengine husema hakufika popote. Mimi huwa namfikiria zaidi yule mwalimu mkuu aliyesimama getini siku ile. Hapakuwa na sheria iliyosema mzee aingie, wala iliyosema asiingie. Alimwingiza.

Mageti ya namna hiyo ni mengi, na wengi wetu ndio tunaoyalinda. Mwenye nyumba anayemnyima dada wa kazi saa mbili za jioni analinda geti. Mume anayeuliza "ukajue kusoma ili umsome nani?" analinda geti. Msimamizi wa walinzi anayepanga zamu bila kuuliza nani anasoma, analinda geti. Hata sisi watoto wenye digrii, tunaomchukua mama simu na kumwambia "lete nikusomee" kwa upole, tumemfanyia wema miaka ishirini na hatukumfundisha herufi moja.

Nisikufiche kwamba utakutana na vikwazo. Kuna kata ambazo kituo kipo kwenye taarifa lakini darasani hakuna mtu tangu masika yaliyopita. Wawezeshaji wengi hufundisha kwa posho ndogo inayochelewa, na baadhi hukata tamaa. Vitabu havitoshi. Mikoa yenye wafugaji wanaohama ina shida yake nyingine kabisa, kwa sababu darasa halihami na ng'ombe. Asiyeona atahitaji nukta nundu na mwezeshaji anayezijua, na hao hawapo kila mahali. Haya yote ni kweli, na ni kazi ya halmashauri kuyajibu. Lakini kituo hakina fedha kwa sababu takwimu zinasema hakina wanafunzi, na hakina wanafunzi kwa sababu hakina fedha. Mnyororo huo unakatwa na majina kwenye daftari.

Walimu wastaafu, nawalenga ninyi. Mnakaa vibarazani na ujuzi wa miaka thelathini na mitano ya darasa la kwanza, darasa gumu kuliko yote. Darasa la watu wazima halihitaji siku nzima. Saa mbili, mara tatu kwa wiki, kwa muda unaokubaliwa na wanakisomo wenyewe, mara nyingi alasiri baada ya shamba na kabla ya kupika. Vijana mliomaliza kidato cha sita na mnangoja kwenda chuo, nanyi mnaweza. Misikiti na makanisa, mna vyumba vilivyo wazi siku tano za wiki. Toeni chumba na taa.

Basi, utaratibu ni huu. Nenda naye. Usimwelekeze tu, nenda naye, kwa sababu ofisi ndicho chumba anachokiogopa kuliko vyote. Anza kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, au kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, maana mara nyingi darasa liko hapo. Ukikwama, panda kwa Afisa Elimu Kata, kisha kwa afisa wa elimu ya watu wazima wa halmashauri. Kila halmashauri inaye. Kama unatafuta sekondari au QT, ulizia ofisi ya mkoa ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Uliza mambo matatu kabla hamjatoka: darasa linakaa siku gani na saa ngapi, kuna malipo yoyote, na atapimwa vipi ili aanze pale anapostahili, asirudishwe kwenye a, e, i kama tayari anazijua. Mnunulie daftari kubwa lenye mistari mipana na penseli mbili, si kalamu. Kama macho kweli yanamsumbua, na baada ya miaka arobaini na tano mara nyingi yanasumbua kweli, mpeleke kwanza akapimwe miwani ya kusomea. Wapo wanaoacha darasa wakidhani kichwa ni kizito, kumbe ubao hauonekani.

Wiki ya tatu ndiyo mbaya. Ugeni umeisha, herufi zimekuwa nyingi, mvua imenyesha, kuna msiba mtaa wa pili. Wiki hiyo mpigie simu, au umsindikize tena hata mara moja. Muulize amejifunza nini, umwache aandike mbele yako, usimsahihishe kila kosa.

Na kama mtaani kwenu darasa halipo kabisa, usirudi nyumbani kulalamika. Kusanya majina. Kumi na tano yanatosha kuanza kusikilizwa, ishirini ni bora. Andika kila jina, umri, kazi, na muda mtu anaoweza kufika. Wasiojua kuandika waweke dole gumba, kwa mara ya mwisho tunatumaini. Weka jina la mwalimu mstaafu aliyekubali kufundisha na la chumba mlichopewa. Toa nakala mbili. Moja mpelekee mtendaji, na ile ya pili aigonge muhuri wa kupokea na kuandika tarehe mbele yako. Kisha rudi baada ya wiki mbili ukaulize, tena usiende peke yako.